Vaisi Nzito Kutoka Molo

Mama alinunua sufuria kwa kuzipima mkononi. Alichukua mbili zinazolingana kwa macho, moja kila mkono, akatulia kidogo kama anayesikiliza, kisha ile nyepesi akairudisha mahali pake bila hata kuuliza bei. Nzito haitoboki, alisema. Sufuria aliyonunua mwaka niliozaliwa ndiyo tunayosongea ugali mpaka leo, na yeye na baba hawapo tena. Kwa hiyo siku nilipolazimika kununua chombo cha kwanza cha kazi yangu, bila mzazi wa kumuuliza, nilikinunua kwa kanuni hiyo ya sufuria. Kidogo tu kinitenganishe na dada zangu.

Kazi yangu ni kufunga nzi. Hata majirani wetu hapa mtaa wa Section 58 walichukua muda kuielewa. Nzi hao si wa kuruka. Ni ndoano ndogo inayozungushiwa uzi, manyoya ya shingo ya jogoo na nywele za wanyama, mpaka ifanane na mdudu anayependwa na samaki wa mito ya baridi. Hununuliwa ng'ambo na watu wanaovua kwa starehe. Mama muuza mboga wa langoni petu hajawahi kunipita bila neno.

"Fundi wa nzi, leo umefunga wangapi?"

"Dazeni nne, mathe."

"Na hawa wa kwangu kwa nyanya utawafunga lini?"

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, mwaka ambao mama alimfuata baba. Dada zangu wawili wote ni wadogo kwangu: mkubwa wao alikuwa darasa la tano, na mdogo alikuwa hata hajaanza shule. Nilipata nafasi kwenye karakana moja mjini Nakuru, chumba kirefu chenye meza na madirisha makubwa, watu kama ishirini tumeinama. Nilikaa pale miaka sita. Mbele ya kila mtu palikuwa na vaisi yake, yaani chombo cha chuma chenye midomo miwili kinachobana ndoano isisogee wakati mikono yote miwili inafanya kazi. Ni ndugu ya ile vaisi ya fundi wa baiskeli, ila ndogo kiasi cha kukaa juu ya stuli. Sikuwahi kuichagua. Niliikuta mezani kama nilivyomkuta jirani yangu wa kushoto.

Kisha mwenye jumba akalitaka jumba lake. Mwenye karakana akauza meza na vaisi zote kwa mpigo, na ndoano zikahesabiwa hadi ya mwisho na kurudishwa. Mama aliyekuwa mkaguzi wetu, mwanamke wa maneno machache mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni, alitusimamisha mlangoni akatuambia mambo yatakavyokuwa. Kazi itafanyiwa nyumbani. Atakayekuwa na vaisi yake mwenyewe atapewa ndoano za namba kumi na nane, na Ijumaa ya wiki ya pili alete dazeni moja. Zikipita, atakuwa anapewa kazi kila wiki.

"Na zisipopita?" mtu akauliza nyuma.

"Tutasalimiana vizuri tukikutana barabarani."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jana yake baba mdogo alikuwa amenipigia simu kutoka Olenguruone. Habari za karakana zilikuwa zimemfikia kabla hazijatufikia sisi vizuri. Sitaki aonekane mtu mbaya. Ana shamba, ana ng'ombe, na kila msimu alitutumia gunia la viazi bila kuombwa. Alisema mdogo angeenda kwake, na yule wa kidato cha tatu angeenda kwa shangazi huko Molo, amalizie shule ya karibu.

"Wewe umejaribu," aliniambia. "Hakuna mtu atasema hukujaribu."

"Baba, nipe muda kidogo."

"Jumamosi ya wiki ya pili naleta viazi Nakuru. Lori itakuwa inarudi tupu."

Hilo la lori tupu ndilo lililokaa nami. Sikuwaza maneno yake mengine. Nililiona lori lenyewe limeegeshwa nje ya nyumba yetu na magodoro mawili yamepakiwa, na vumbi la viazi limeyashika pembeni. Nilikuwa nikiliona nikichota maji, nikiliona nikinyoa ndevu.

Basi nilihitaji vaisi, na nilikuwa na pesa za vaisi moja. Za vaisi moja na kosa moja sikuwa nazo. Mpya nzuri, kama zile za karakana, ilikuwa inazidi kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Nyingine za bei rahisi zilikuwa kwenye simu, picha zinazong'aa, lakini picha haipimiki mkononi, na mtu mmoja wa karakana alikuwa ameletewa yake ikiwa na skrubu iliyozunguka bila kushika chochote. Ndipo nikasikia kuna mjane Molo ambaye marehemu mume wake alifunga nzi kwa miaka mingi, na sasa vyombo vyake vinauzwa.

Nilienda Jumamosi ya kwanza. Molo ilikuwa na ukungu, na yule mama alinipokea jikoni penye moto. Alinitilia chai kabla sijasema shida yangu. Kisha akaleta vitu viwili vimefungwa kwenye soksi za sufu, akavifungua juu ya meza kama mtu anayevua mtoto nguo.

Moja ilikuwa ndogo, midomo yake myembamba imechongoka, shina lake kama kidole. Nyingine ilikuwa kubwa, imesimama juu ya bamba la chuma lenye uzito wa matofali mawili, midomo yake mifupi na minene.

"Alitumia ipi, mama?"

"Zote. Mimi nilikuwa naona mgongo wake tu," akasema. "Chukua wakati wako, kijana. Chuma haiozi kama viazi."

Nilichukua wakati wangu. Nilijua namna ya kuijaribu vaisi, kila mfungaji anajua: unabana ndoano, unaikwaruza kwa ukucha kama uzi wa gitaa. Vaisi nzuri huifanya ilie, sauti nyembamba inayokaa hewani kidogo. Vaisi mbaya hutoa kishindo kifupi kama kugonga boga. Tena unaikandamiza ndoano kwa kidole gumba. Inatakiwa ndoano ipinde kabla vaisi haijaiachia.

Sikuwa na ndoano ya kazi. Zilikuwa zimerudishwa zote. Lakini zipu ya jaketi langu ilikatika kishikio zamani, na kama wenzangu wengi nilikuwa nimetia ndoano kuukuu mahali pake, ncha yake nimeikata isinichome. Ilikuwa namba nane. Katika ndoano, namba ikipanda ukubwa unashuka. Namba nane ni ndoano unayoweza kuiona ukiwa umesimama mlangoni, namba kumi na nane ina urefu wa punje ya mchele. Hayo niliyajua kama ninavyolijua jina langu. Hofu ilikuwa imenijaa kiasi kwamba sikuyakumbuka.

Niliitia namba nane kwenye vaisi ndogo. Ikateleza. Nikakaza zaidi, ikateleza tena. Niliitia kwenye ile kubwa, nikakwaruza, ikalia vizuri mpaka yule mama akageuza kichwa. Nikaikandamiza kwa gumba hadi ngozi ikawa nyeupe, haikusogea. Kisha nikafanya alichokuwa akifanya mama: moja mkono huu, moja mkono ule. Ile kubwa iliuvuta mkono wangu hadi mezani.

"Nachukua hii," nikasema.

"Marehemu alisema hiyo itawazika wajukuu wake."

Nilirudi Nakuru nimeipakata mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu ile simu, sikuliona lori.

Jumatatu mama mkaguzi alinipa pakiti yangu: ndoano kumi na nne, kumi na mbili za kazi na mbili za bahati mbaya. Nilikaa kwenye meza yetu ya dirishani, nikabana ya kwanza. Midomo ile minene iliimeza zaidi ya nusu. Sehemu iliyobaki nje haikutosha hata ncha za vidole kupita. Nilijaribu kuzungusha uzi, uzi ukakwama kwenye ukingo wa chuma ukakatika. Nikaanza upya, safari hii nimeitia ndoano kwa ncha tu ya midomo, ikaruka. Niliiokota sakafuni ikiwa imepinda.

Zikabaki kumi na tatu.

Dada yangu wa kidato cha tatu alirudi shuleni akanikuta bado nimekaa, mikono juu ya magoti. Aliitazama vaisi, akaitazama ile ndoano iliyopinda.

"Hii si umeuziwa ya kubana nyangumi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile vaisi ndogo iliteleza kwa sababu haikutengenezwa kwa ndoano ya zipu yangu. Ilitengenezwa kwa hizi. Yule mzee alikuwa na moja ya samaki wakubwa na moja ya wadogo, na mimi nilisafiri hadi Molo, nikaishika iliyo sawa mkononi, nikairudisha mezani kwa sababu ilikuwa nyepesi.

"Nitaipeleka ibadilishwe," nikasema.

Nilipiga simu papo hapo. Yule mama alinisikiliza kwa upole.

"Ile ndogo ilienda jana, mwanangu. Mwalimu mmoja wa Njoro aliichukua. Hata hakuijaribu."

Nilitoka nje nikajaza ndoo kwenye tangi la maji. Niliporudi ndani, yule mdogo alikuwa anakunja nguo zake za nyumbani na kuzipanga kwenye begi lake la shule. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Nyumba ya vyumba viwili haina siri.

"Olenguruone kuna baridi kama ya Molo?" akaniuliza.

"Rudisha hizo nguo sandukuni."

"Nilikuwa nataka kujua tu kama nibebe sweta."

Jumatano nilibeba vaisi hadi kwa mafundi wa jua kali karibu na reli. Nilimpata mmoja aliyekuwa ananoa visu vya bucha. Aliishika, akaigeuza, akafungua na kufunga midomo yake.

"Boss, hii unabana nini? Kucha za panya?"

"Ndoano. Nataka midomo iwe myembamba huku mbele. Kama penseli iliyochongwa."

Akaacha utani. Alipitisha kidole kwenye chuma.

"Nikuambie ukweli. Hii chuma iko ngumu kwa sababu ilipikwa ikazimwa. Grainda inaleta moto. Ikipata moto mingi inarudi laini, na huwezi kuigundua kwa macho ukishaifuta. Utaona rangi tu wakati nanoa. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, tuko sawa. Ikifika buluu," akanitazama, "hiyo itabaki kibanio cha kuanikia nguo."

"Na ukitumia tupa ya mkono?"

"Kuanzia mwanzo? Utaichukua mwezi ujao."

Sikuwa na mwezi ujao. Nilimwambia aanze. Alinipa mkebe wa maji nishike. Angegusisha midomo kwenye jiwe kwa muda wa pumzi moja, cheche zingeruka, kisha angeichovya kwenye mkebe wangu na maji yangechemka kidogo. Gusa, chovya. Gusa, chovya. Nilikuwa nimeikodolea macho ile midomo miwili ya chuma kama anayemwangalia mgonjwa akipumua. Rangi ya chai ya maziwa ilikuja ikaondoka. Ikaja tena. Chuma kilianza kupata umbo. Nilianza kuona mahali uzi wangu ungepita, na nafikiri nilikuwa nimeanza kutabasamu.

"Niaje fundi," mtu akasema akipita na mkokoteni.

Fundi aligeuza kichwa, basi. Hakusema hata salamu nzima. Alipogeuka tena, kwenye ncha ya mdomo wa juu palikuwa na alama ya buluu, ndogo kama kipande cha ukucha uliokatwa.

Alizima grainda. Ile kelele ilipokwisha niliuweka mkebe chini, nikasogea nione vizuri.

"Hapo imeshika kidogo," akasema.

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kutojua."

Hakujitetea, na hilo lilinisaidia nisimpigie kelele. Aliitia vaisi kwenye vaisi yake kubwa ya mezani, akachukua tupa ndogo. Alisema dawa ni moja: kuikata ile buluu yote, mdomo uwe mfupi zaidi, na wa chini nao ufupishwe ulingane. Kama ulaini haukuingia ndani kuliko rangi, itashika. Kama umeingia, itashika siku mbili tatu kisha itaanza kuachia. Tulipokezana tupa hadi jua lilipoegemea upande wa Menengai, yeye kidogo, mimi zaidi, kwa sababu wateja wake walikuwa wanasubiri visu. Ngozi ya kidole changu ilitoka. Mwishowe hakunidai chochote. Alisema tu, "Ikikataa, usinilaani peke yangu. Mlaani na yule wa mkokoteni."

Alhamisi sikwenda popote. Dada zangu walipotoka kwenda shule niliosha mikono, nikasogeza meza dirishani kabisa, nikabana ndoano. Kule karakana tulikuwa tunakaza vaisi kwa nguvu zetu zote, kila mtu, kwa sababu haikuwa yetu. Siku hiyo niliogopa kukaza. Nilizungusha skrubu robo kwa robo, nikikwaruza ndoano kila robo, na mara ilipolia niliacha pale pale. Sikuongeza hata unywele.

Nikafunga wa kwanza. Nikamtoa, nikakagua midomo kwa kidole, nikabana wa pili. Nilikuwa napumua tu katikati ya nzi mmoja na mwingine. Wa tano. Wa nane. Wa tisa ndoano iliinama mbele kwa upole, kama mtu anayesinzia, na uzi ukakatika, na kishungi cha manyoya kikatawanyika juu ya meza. Nilipovuta ndoano niione, ncha yake ikavunjika.

Zikawa zimebaki nne. Na nzi waliobaki ni wanne.

Nilijua kuwa nikisubiri mchana upite mwanga utahama dirishani. Nilijua pia kuwa sijui jambo la maana kabisa: kama ilikuwa ni mimi niliyekaza pungufu, au ni ile buluu. Niliosha mikono tena. Nikabana ndoano nyuma kidogo, mbali na ncha ile, mahali ambapo vidole vingenipa taabu lakini chuma hakikuguswa na moto. Nikafunga wanne hao polepole sana, vidole vikigonga midomo kila mzunguko, na dada yangu mdogo aliporudi alinikuta natazama mstari wa nzi kumi na wawili juu ya karatasi nyeupe. Alikaa mlangoni. Hakuingia mpaka nilipowatia kwenye kisanduku.

Ijumaa mama mkaguzi aliwamwaga kwenye kiganja chake na kuweka kioo jichoni. Alimchukua mmoja mmoja kwa koleo dogo. Alimvuta kila mmoja kwenye kizibo cha chupa kuona kama ndoano itanyooka. Kwenye wa kumi alisita. Akamweka kando.

Nilihesabu vidole vyangu ndani ya mfuko.

"Huyu amekuwa na kichwa kikubwa," akasema. "Ulichoka?"

"Niliogopa, mama."

Alimtazama tena, kwa muda. Kisha akamrudisha na wenzake. "Woga si ugonjwa. Lakini usiutie kwenye kichwa cha nzi." Akaniuliza vaisi niliyotumia, nikamweleza yote, hata zipu. Sikumwona akicheka. Alisema vaisi iliyoguswa na moto haiachii ghafla. Sauti yake huanza kufa kwanza, mikono haijajua bado. "Isikilize kila asubuhi kabla hujaanza. Na ukienda kununua nyingine, beba ndoano ndogo kuliko zote utakazofunga." Kisha akanihesabia ndoano za wiki nzima.

Jumamosi lori lilikuja. Lilikuwa kama nilivyoliona, hata vumbi. Baba mdogo aliingia akainama mlangoni kwa sababu ni mrefu, akanywa chai, akawauliza dada zangu habari za shule. Nilimwambia nimepata kazi ya kila wiki, ya hapa nyumbani. Aliangalia meza ya dirishani.

"Ni hii?"

"Ndiyo hii."

Aliinuka, akaishika vaisi kwa mkono mmoja, akainyanyua. Alikaa nayo hivyo, akaishusha, akainyanyua tena, na nilikumbuka kwamba yeye na mama walikuwa wakienda soko moja.

"Iko nzito," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Hii ni kitu ya kudumu." Akairudisha mezani kwa uangalifu. "Basi. Tuone mpaka shule zifungwe."

Sikumwambia juu ya ile buluu. Dada yangu mkubwa alinitazama, na yeye hakumwambia. Lori lilirudi tupu.

Bado ninaitumia. Ninaweka akiba ya nyingine, nyepesi, yenye midomo myembamba, na ndoano ya zipu yangu siku hizi ni namba kumi na nane, ingawa ni taabu kuishika wakati wa baridi. Kila asubuhi nabana ndoano ya kwanza, nakwaruza kwa ukucha. Dada zangu wakiwa wanavaa viatu, wakinywa chai, wakigombania kitana, hunyamaza wote wawili mpaka ilie.